Kihispania kilivyomtokea puani mpwa wangu kwa kukosa '-nge-'

Wiki hii sina habari ya fumanizi wala ya mganga. Nina kisa cha mtoto wa dada yangu na herufi mbili tu za Kihispania, í na a, ambazo kwa kutozijua alimlia mama yake upatu mzima.

Usicheke kwanza. Ukimaliza kusoma utaona hata wewe iko siku ulisema "nitafanya" ilhali moyoni ulikuwa na "ningefanya", na ukalipa.

Kijana mwenyewe ni mtoto wa Mkunazini, hapa hapa Mji Mkongwe. Alipomaliza skuli hakupata ajira, akashika kazi wanayoishika wengi wa rika lake, kutembeza wageni. Wenye maneno yao huwaita vijana hawa papasi, kwa vile wanavyomganda mgeni. Mie simwiti hivyo, maana anaamka alfajiri, hamuombi mtu, na jioni anarudi nyumbani na mkate.

Kiingereza anacho cha skuli. Kitaliano alikiokota Kiwengwa. Lakini aliona kila ikifika Agosti vichochoro vinajaa Wahispania, kwani kwao huo ndio mwezi mkubwa wa likizo, na vijana wanaowasemesha kwa lugha yao ni wa kuhesabu kwa vidole. Akaona hapo pana soko. Akatafuta kitabu kikuukuu, akawa analala nacho. Baada ya miezi mitatu anajua kusalimia, anahesabu, anataja mdalasini na karafuu, na ana nyakati tatu za vitenzi: iliyopo, iliyopita na ijayo.

"Mjomba," akaniambia, "Kihispania rahisi! Vokali tano tu kama zetu, a, e, i, o, u. Unavyoliona neno ndivyo unavyolisoma."

"Hewala," nikamjibu. "Lakini pole pole, mjomba. Haraka haraka haina baraka."

SIKU YA KIZIMKAZI

Agosti ya mwaka jana akapata familia moja pale Forodhani, baba, mama na mabinti wawili. Wanakula mishikaki, wanakunywa juisi ya miwa, wanataka kwenda Kizimkazi kuona pomboo. Wakapatana dola 160: gari, boti, nahodha na chakula cha mchana. Baba akatoa pochi.

Kabla pesa hazijabadilisha mkono, yule mama akauliza swali moja:

"¿Y si no pudiéramos salir al mar? ¿Nos devolverías el dinero?"

Maana yake: na kama tusingeweza kutoka baharini, ungeturudishia pesa? Mpwa wangu katika sentensi yote ile alidaka maneno matatu: bahari, kurudisha, pesa. Akajibu kwa kifua mbele:

"Sí, señora. Devolveré todo el dinero."

Yaani, nitarudisha pesa zote. Kijana anaapa kwamba kichwani mwake alikuwa na "ningerudisha, ikiwa kosa lingekuwa langu". Lakini -nge- ya Kihispania hakuwa nayo. Alikuwa na -ta-, akaitumia -ta-. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Sasa msomaji wa Unguja unaujua mwezi wa Agosti. Kusi hilo! Wamefika Kizimkazi asubuhi, bahari imechafuka, mawimbi yanavunjika meupe. Nahodha akatazama, akakuna kidevu, akasema leo hapana. Wala hakukosea. Pomboo watakuwepo kesho, roho ikitoka hairudi.

Kijana akajaribu kuokoa siku. Akawaonesha msikiti wa kale wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107. Akataka kuwapitisha msitu wa Jozani wakaone kima punju, ambao asili yao ni Unguja. Wapi! Baba mtu amenyoosha mkono:

"¡Dijiste que lo devolverías!"

Ulisema utazirudisha! Na alisema kweli. Mbele ya mashahidi wanne.

Tatizo, gari imeshalipwa, mafuta yameshaungua, mwenye boti ameshachukua chake, samaki yumo jikoni. Mfukoni mwa kijana zimebaki dola 50. Zilizobaki akazitafuta kwa mama yake. Dada yangu alikuwa ameupokea upatu wake siku mbili nyuma, ameuweka ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, anangoja kununua mabati kwani jiko lake linavuja. Akasikiliza hadithi yote. Akavuta kopo. Akahesabu. Akasema neno moja tu:

"Ahadi ni deni, mwanangu. Umesema utarudisha, rudisha."

Kisha akanyamaza. Na mama akinyamaza ndio ujue.

MAALIM AMWAGA KAHAWA

Nikaona huyu mtoto nisipompeleka kwa mwenye lugha yake atazamisha nyumba nzima. Nikamchukua hadi Jaws Corner, barazani, panaponywewa kahawa na kutengenezwa serikali za dunia. Pale hukaa mzee mmoja wa Malindi, tunamwita Maalim. Miaka ya 1980 alikwenda kusoma Cuba, akarudi na shahada na Kihispania cha Havana.

Mpwa wangu akaanza kwa hasira. "Maalim, yule baba kanionea! Yeye mwenyewe kasema 'devolverías'. Nimeangalia kitabuni, ile -ías ni -nge-. Basi hata yeye alijua mie nilisema ningerudisha, sikusema nitarudisha!"

Maalim alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Kaa chini, mwanangu. Umejua nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo iliyokuumiza. Tuanze mwanzo."

Akachana ukurasa wa daftari. Na mie nikanakili, kwa faida yako msomaji, hasa wewe uliye Nungwi, Paje au Jambiani unayetafuta riziki kwa ulimi.

"Mswahili akisema 'tungepeleka'," alieleza Maalim, "anapanga vitu vitatu: tu, nge, peleka. Mtu, masharti, tendo. Mhispania anavyo vitu hivyo hivyo, ila yeye anaanzia mkiani: llevar, ía, mos. Tendo, masharti, mtu. Mzigo ni ule ule, kaupakia kinyume."

Llevar ndio kupeleka. Hiyo ll mbili isome kama y yetu. Kanuni yake ni nyepesi: lichukue neno zima kama lilivyo kwenye kamusi, usilikate kitu, kisha lifungie mkia. Hivi:

yo llevaría – mimi ningepeleka
tú llevarías – wewe ungepeleka
él, ella llevaría – yeye angepeleka
nosotros llevaríamos – sisi tungepeleka
vosotros llevaríais – nyinyi mngepeleka
ellos llevarían – wao wangepeleka

Ukitaka kumheshimu mtu mmoja unamwita usted, na kitenzi chake unakiweka kama cha yeye: usted llevaría. Wengi kwa heshima ni ustedes llevarían. Maalim alikiri kwamba ile llevaríais ilimpiga chenga miaka mingi, kwa sababu Cuba hawaitumii. Kule wakisema na watu wengi ni ustedes tu. Wahispania wa Hispania ndio wenye vosotros yao, na hao ndio wanaojaa hapa Agosti. Basi jifunze.

Kuna raha nyengine. Vitenzi vya Kihispania vimegawika makundi matatu: vinavyomalizia -ar, -er na -ir. Katika wakati uliopo na uliopita makundi hayana mikia ya aina moja, na hapo ndipo wanafunzi hukimbia darasa. Lakini kwenye -nge- makundi yote yanakula sahani moja. Llevar, llevaría. Comer, kula, comería. Vivir, kuishi, viviría. Mikia ile ile sita, basi.

"Na msisahau kijistari juu ya í," aliongeza. "Kimo mahali pote sita. Kinakwambia weka mkazo hapo, usiimeze i ndani ya a." Kwa Mswahili hii ni zawadi, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na lle-va-RÍ-a inakaa hapo hapo. Ni llevaríamos tu inayorudi hatua moja nyuma. Ile ya wakati ujao, llevaré, mkazo wake uko mwisho kabisa, na hapo ndipo ulimi wetu unapoteleza. Kwa hiyo, msomaji, ukitazama vizuri -nge- yao ni rahisi kwetu kuitamka kuliko -ta- yao!

Wakaidi wapo, lakini ni wa kuhesabika, kama kumi na wawili hivi pamoja na jamaa zao. Tener, kuwa na kitu, haiwi tenería bali tendría. Poder, kuweza, ni podría. Hacer, kufanya, ni haría. Venir, kuja, ni vendría. Wanachobadilisha ni shina tu, mkia hawaugusi. Na shina lenyewe ni lile lile la wakati ujao, kwa hivyo ukishika moja umeshika mbili.

KWA NINI 'DEVOLVERÍAS' YA BABA ILIKUWA '-TA-'

"Sasa kesi yako," Maalim akamgeukia mpwa wangu. "Huu mkia wa -ía una kazi zaidi ya moja."

Kazi ya kwanza ni -nge- yetu halisi, ya kudhani. Ndiyo aliyoitumia mama Mhispania: ¿Nos devolverías el dinero? Ungeturudishia pesa? Alikuwa anapima, hajadai kitu bado.

Kazi ya pili ni kuripoti. Mtu akisema leo "nitarudisha", kesho Mhispania akiyasimulia maneno yake anabadilisha: dijiste que lo devolverías. Sisi hatubadilishi. Mswahili anasema "ulisema utarudisha", -ta- inabaki -ta-. Kwao ile -ta- ikishapita jana inavaa nguo ya -ía. "Kwa hivyo," Maalim akamalizia, "yule baba hakukuonea hata kidogo. Alikurudishia neno lako kama ulivyolitoa, kwa sarufi safi. Wewe ndiye uliyeiona -ías ukadhani umepata wakili."

Kijana akanyamaza. Kikombe mkononi kimepoa.

Kazi ya tatu ni kukisia mambo yaliyopita. Serían las tres, anasema Mhispania. Sisi tungesema "itakuwa ilikuwa saa tisa". Na hapo, mtembeza wageni, tia akili: las tres ni tatu kwa saa yao, lakini kwetu ni saa tisa. Ukimwambia mgeni gari inaondoka a las dos, wewe kichwani una saa mbili ya asubuhi na yeye atakuja saa nane mchana, huo ni ugomvi mwengine.

Kazi ya nne ni adabu. Me gustaría un café, ningependa kahawa. ¿Podría esperar un momento? Ungeweza kusubiri kidogo? Mwenye hoteli akikusikia unasema hivi anajua umelelewa.

NGAZI TATU ZA MAALIM

Baada ya hapo mzee akachora ngazi yenye vidato vitatu. Alisema tatizo la mpwa wangu si Kihispania peke yake. Hakujua amesimama kidato gani alipofungua mdomo.

Kidato cha kwanza, jambo bado linawezekana: Si el mar está tranquilo, os llevaré. Bahari ikiwa shwari, nitakupelekeni. Hii ni -ki- na -ta-.

Kidato cha pili, unadhani tu, au mambo hayako hivyo: Si el mar estuviera tranquilo, os llevaría. Bahari ingekuwa shwari, ningekupelekeni.

Kidato cha tatu, mambo yameshapita na hayarudi: Si el mar hubiera estado tranquilo, os habría llevado. Bahari ingalikuwa shwari, ningalikupelekeni. Hapa Unguja mitaani wengi tunasema -ngeli-, lakini skuli tulifundishwa -ngali-, na wahenga walishamaliza: majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Sasa ona mtego. Kiswahili kwenye kidato cha pili tunaweka -nge- pande zote mbili: ingekuwa, ningekupelekeni. Pacha. Mhispania anaiweka -ía upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wenye si, yaani "kama", anatumia umbo jengine: estuviera, tuviera, pudiera. Ndiyo maana Mswahili yeyote anayeanza Kihispania lazima atasema si estaría tranquilo. Ulimi wetu unatafuta pacha wake.

"Msione haya," Maalim alitutuliza. "Hata Hispania kwenyewe, kaskazini, upande wa Burgos na nchi ya Wabaski, wapo wenyeji wanaosema hivyo hivyo tangu utotoni, na walimu wao hawaishi kuwakemea."

Mpwa wangu akauliza swali la maana kwa mara ya kwanza. "Sasa Maalim, siku ile ningesema nini?"

"Hiyo 'ningesema' yako ndiyo kidato cha tatu, haikusaidii," mzee akacheka. "Lakini yule mama kakuuliza kwa -ías, nawe ungemjibu kwa -ía: devolvería la mitad, ningerudisha nusu. Au ungempa sharti lako wazi. Ulichofanya ni kumpa -ta- tupu, haina 'kama', haina 'ikiwa'. Hiyo ni hati ya deni umeitia saini."

NENO LILILOWATISHA WAZUNGU

Nilipowaza nikakumbuka kwamba Unguja -ta- ya Kihispania tuliisikia zamani kabla ya watalii. Miaka ya mwanzo ya 1960 vijana kadhaa wa Kizanzibari walipelekwa Cuba kwa mafunzo ya kijeshi. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipotokea, baadhi yao walionekana mitaani na ndevu na kofia za mtindo wa akina Castro, wakipiga ukelele: Venceremos! Wageni waliousikia wakavumisha kwamba majeshi ya Cuba yametua Zanzibar. Hapakuwa na jeshi la Cuba. Walikuwa watoto wa hapa hapa na kitenzi kimoja.

Na kitenzi chenyewe hebu kitazame kwa darasa la leo. Vencer ni kushinda. Venceremos, tutashinda. Kiweke kwenye masharti: venceríamos, tungeshinda. Hakuna mtu duniani aliyepiga kelele "tungeshinda" akaingia vitani! Lipo jambo linalotaka -ta-, na mwenye kuisema awe tayari kuilipa. Lipo linalotaka -nge-. Kuzichanganya ndio hasara.

LAU NA OJALÁ NI NDUGU

Kabla hatujaondoka Maalim alitupa tunu, nami nakupa wewe. Wahispania wana neno ojalá, wanalisema wakiomba jambo liwe. Ojalá haga buen tiempo, Mungu ajaalie hali ya hewa iwe nzuri. Asili yake ni Kiarabu cha Andalusi, law sha llah, Mungu akipenda. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 mpaka 1492, na walipoondoka maneno yao yalibaki.

Ile law iliyo ndani ya ojalá ndiyo lau yetu sisi. Lau ningejua, lau kama si wewe. Kiarabu kimoja kilikwenda magharibi kikawa ojalá, kilikuja huku na pepo za msimu kikawa lau. Na si hilo tu. Hasta yao, ile ya hasta mañana, na hata yetu zimetoka kwa hatta. Azúcar yao ni sukari yetu. Aceituna ni zeituni. Alcalde, meya wa mji wao, ametoka kwa yule yule aliyetupa kadhi. Rehén, mateka, ni ndugu wa rehani. Kwa hivyo kijana wa Unguja akijifunza Kihispania asijione mgeni. Mlangoni atakutana na jamaa zake wa mbali.

MAMA ATAKA '-ME-'

Septemba kijana akarudi Forodhani. Safari hii akawapata mke na mume, nao wanataka pomboo hao hao. Nilikuwa karibu, nanunua urojo, nikatega sikio. Akawaambia kwa utaratibu:

"Si el mar está tranquilo, os llevaré. Si no, iremos a Jozani y os devolveré la mitad."

Bahari ikiwa shwari nitakupelekeni. Isipokuwa, tutakwenda Jozani na nitakurudishieni nusu. Wale watu wakatazamana. Mume akauliza: "¿Y tú qué harías?" Na wewe ungefanya nini? Hapo moyo ukanipiga, kwani hacer ni katika wale wakaidi. Kijana hakutikisika.

"Yo esperaría dos días."

Mimi ningesubiri siku mbili. Wakasubiri. Siku ya tatu kusi likapunguza, wakatoka, wakaona pomboo, wakarudi wamechomwa na jua na furaha tele. Jioni wakamletea wenzao watano. Walimwambia wamempenda kwa sababu, tangu washuke uwanja wa ndege, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyewaambia subirini badala ya twendeni.

Basi nyumbani akaona ameshakuwa bingwa wa masharti. Akamkuta mama yake anakuna nazi.

"Mama, ningekulipa zote leo, ila..."

Dada yangu hakuinua kichwa. "Wee! Hiyo -nge- kawape Wahispania wako. Hata -ta- siitaki, nimeshachoka nayo. Mie nataka -me-."

Ilichukua mwezi mzima na siku kadhaa. Jioni moja kijana aliingia, akavua viatu, akaweka noti juu ya khanga ya mama yake, zimehesabiwa.

"Mama, nimeleta."

Mvua za vuli zilipoanza nilipita pale kula. Jikoni pakavu, kopo la biskuti limerudi chini ya kitanda, na mpwa wangu yumo barazani na daftari, anamfundisha mtoto wa jirani: llevaría, llevarías, llevaría.

Tukijaaliwa tutaonana wiki ijayo. Na hiyo, msomaji wangu, ni -ki-, si -ta- tupu.